Hesabu ya Nne

Wiki iliyopita tulimwacha Raelynn amefunga mlango wa darasa la baba yake kwa komeo, kanda ya video mkononi, na swali moja tu mdomoni: "Baba, hii kanda ulishaiona?"

Na mzee Orrin Haskett, ambaye kwa miaka thelathini na moja, kwenye shule yake ya bastola, amewafundisha watu wa Arizona kutazama mdomo wa bastola bila kupepesa macho, akatazama viatu vyake.

Basi tusikae mlangoni.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuketi nasi, sogea nikupe mambo upesi upesi. Raelynn ni binti wa Orrin. Mume wake, Gilbert Ybarra, alikuwa na duka la chakula cha mifugo hapa Palo Seco. Wiki sita zilizopita, saa nne asubuhi, mtu aliyejifunika uso kwa kitambaa aliingia dukani na bastola, akitaka fedha za droo. Gilbert alimpokonya ile bastola kabla hujamaliza kusema jina lako. Kisha akamrudishia, kwa mkono wake mwenyewe, kwa adabu kabisa. Yule mtu akampiga risasi mbili za kifua.

Tangu siku hiyo mji mzima una maelezo. Wengine walisema Gilbert alikuwa mwoga. Wengine, wakishusha sauti, walisema alikuwa amechoka kuishi. Na nyinyi wasomaji mkaniandikia barua. Kuna bwana mmoja amejaza kurasa tatu kunithibitishia kwamba Gilbert na jambazi walikuwa wamepanga. Leo atazimeza zote tatu.

"Nimekuuliza, baba."

"Niliiona."

"Lini?"

"Siku ya pili. Mpelelezi wa kaunti aliniita. Alitaka mtu anayejua bastola amweleze kwa nini Gilbert alifanya vile."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui."

Raelynn aliinama, akaokota ganda la risasi lililokuwa limeviringika chini ya dawati, akalitia kwenye mfuko wa shati. Hata hakujua anafanya nini. Ndivyo alivyokuzwa. Nyumbani kwa Orrin mtoto hakugusa sahani ya jioni mpaka maganda yote yameokotwa uwanjani, maana mzee aliyajaza baruti upya mwenyewe na hakupenda kuona shaba inalala mchangani.

"Haya," alisema. "Siku ile hukujua. Na leo?"

Mzee alikwenda kwenye kabati, akatoa ile bastola ya bluu ya mazoezi. Ni ya mpira mgumu, haina tundu wala risasi, na kila aliyepita shule hii ameishika mpaka ikamchosha. Akarudi nayo, akasimama hatua mbili mbele ya binti yake, akamwelekezea kifuani.

"Nipokonye."

"Sikuja kucheza, baba."

"Nipokonye, Rae."

"Nina miaka tisa sijafanya huo upuuzi wenu."

"Na mimi nina miaka sabini. Nipokonye."

Raelynn alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomsukuma. Kiwiliwili kikatoka kwenye njia ya mtutu. Mkono wa kushoto ukaukamata. Ukazungusha kwenda upande wa dole gumba, pale ambapo mkono wa mtu hauna nguvu, na bastola ikawa yake. Miaka tisa, na bado alifanya safi. Mzee alisikia kidole chake kikilia.

Kisha Raelynn akatazama mkono wake. Ulikuwa mtupu.

Bastola ya bluu ilikuwa kwenye kiganja cha baba yake.

"Nani amekwambia unirudishie?" Orrin aliuliza, taratibu sana.

Bati la paa lilikuwa linaanza kugongagonga kwa joto. Nje, watu kumi na wawili wa darasa la Jumamosi walikuwa wanakunywa kahawa kwenye kivuli cha magari yao na kudanganyana kuhusu shabaha zao.

"Tena," alisema Raelynn.

Mzee akaelekeza. Yeye akapokonya. Safari hii alikuwa anajitazama, amekaza meno, na hata hivyo mkono ulikuwa umeshafika nusu ya njia ya kurudisha ndipo akauzuia. Ulibaki pale hewani, umeshika bastola ya bluu.

"Moja, toka njiani," Orrin alisema. "Mbili, kamata. Tatu, zungusha. Nne..."

"Rudisha," Raelynn alimalizia.

"Bastola moja, watu wawili. Ukimaliza unampa mwenzako ili aanze tena. Niliona ni adabu. Nikaifanya hesabu kabisa, niliipiga kwa sauti, nne, nne, nne, watu waende pamoja. Gilbert alikuja kila Alhamisi kwa miaka minane. Hakupenda bastola yule. Alikuja kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kukaa na mimi, na mimi sikujua kukaa na mkwe bila kumpa kitu cha kushika. Alirudisha mara elfu ngapi mimi sijui. Hakukosea hata moja."

"Midomo yake," Raelynn alisema. "Kwenye kanda anasema kitu. Nilidhani anasali. Halafu nikadhani anamwambia yule mtu, niue."

"Alikuwa anahesabu, mwanangu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokatika nilipopata habari hizi, na sioni haya kusema. Asubuhi ile ya kifo, Raelynn na Gilbert waligombana. Yeye alitaka wahamie Tucson, Gilbert hakutaka kuacha duka la marehemu baba yake. Wakarushiana maneno juu ya mayai yaliyopoa. Mwisho Raelynn akamwambia: "Leo usirudi. Ukirudi usinitafute." Saa mbili baadaye Gilbert akampa mwuaji wake bastola. Wewe ungekuwa Raelynn ungefikiri nini?

"Unajua nilichomwambia asubuhi ile," alimwambia baba yake.

"Najua. Uliniambia siku ya mazishi."

"Nilikuambia wewe peke yako. Nilikuambia nimemuua mimi. Ukanishika bega ukasema, nenda kalale."

"Ndiyo."

"Wiki sita, baba. Sijaweka jina lake kaburini. Nimekwenda pale nikamtukana. Nimemwita mwoga, nimemwambia umenikimbia kwa sababu ya neno moja, mwanamume gani wewe. Nilivua pete nikaitupa kwenye droo ya vijiko. Na wewe kila asubuhi unaniletea mikate ya kukunja, burito za pilipili mbichi, unaketi mezani kwangu, unaniangalia nikishindwa kula. Na unajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Orrin aliweka bastola ya bluu mezani. Mikono yake, ambayo watu wamesafiri kutoka majimbo mengine kuja kuitazama, haikujua pa kwenda.

"Kwa sababu ungeniangalia hivi unavyoniangalia sasa," alisema.

Nami nasema wazi, dakika ile sina huruma naye. Nimesimama kwenye mstari wake wa kulenga shabaha miaka kumi na minne, nimekula maharage yake, amenifundisha kutazama kile kinundu cha mbele juu ya mtutu na kubonyeza pole pole mpaka mlio unishtue mwenyewe. Nampenda mzee yule. Lakini aliacha mtoto wake abebe maiti ambayo ilikuwa ya kwake, ili tu aendelee kuitwa baba. Hilo halina jina zuri.

Raelynn hakumpiga. Aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kulia mwanzoni. Ilikuwa kama mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa majini.

"Alikuwa anarudi nyumbani," alisema. "Gilbert wangu alikuwa anarudi nyumbani. Alitaka kuishi. Alifanya kila kitu sawasawa ili arudi."

"Alifanya kama nilivyomfundisha."

"Nilimwambia usirudi na bado alikuwa anarudi."

Ndipo alipolia. Alilia vile watu wanavyolia siku ya kwanza, na kwake ilikuwa ndiyo ya kwanza, maana kwa wiki sita alikuwa na hasira tu. Orrin alipiga magoti akajaribu kumshika. Raelynn akausukuma mkono wake.

"Usinishike. Kaka Lyle ndiye aliyenishika. Lyle alitoka Nevada kwenye machimbo, akaendesha gari siku nzima ili awahi mazishi. Mpaka leo analala kwenye kochi langu, anaosha vyombo, anaziba paa. Kakangu hajui kitu na amefanya yote hayo. Wewe uliyejua ulileta burito."

Mzee alikubali kwa kichwa.

"Nitawaambia wale walio nje," alisema. "Leo hii. Nitawaambia kwa nini Gilbert alirudisha, na shule naifunga."

"Utawaambia. Lakini kwanza kaa hapo." Raelynn alijifuta pua kwa mkono wa shati, akasimama, akasukuma kanda kwenye mashine. "Hujamwona akifa."

"Mpelelezi alisimamisha aliporudisha. Sikumwomba aendelee."

"Mimi nimeona mwisho mara moja tu, tena macho nusu yamefumba. Leo tutauona wote wawili. Mpaka mwisho."

Televisheni ya darasani ni ndogo, na kamera ya duka ilikuwa mbovu. Picha ya kijivu, bila sauti, kutoka juu ya droo ya fedha. Mtu amevaa koti zito la kazi, glavu, kofia imeshushwa, kitambaa mpaka chini ya macho. Bastola inaelekezwa. Gilbert, na aproni yake yenye vumbi la pumba, anaacha gunia. Midomo inacheza. Moja. Mbili. Tatu. Bastola iko mikononi mwake. Nne.

"Simamisha," alisema Orrin.

"Umeshaanza kukimbia?"

"Rudisha nyuma kidogo. Mwangalie huyo mwingine. Mkono wake."

Raelynn akarudisha. Akaangalia. Mara ya pili akakaribia kioo mpaka pua ikataka kugusa.

Mtu aliyepokonywa bastola anaruka nyuma. Au ananyanyua mikono, au anageuka kukimbia. Huyu alisimama palepale akanyosha kiganja, kimefunguka, kinatazama juu. Na alikinyosha kabla Gilbert hajageuza bastola kumrudishia.

"Anasubiri," alisema Raelynn.

"Alijua atarudishiwa. Au mkono wake ndio uliojua." Uso wa Orrin ulikuwa umebadilika rangi. "Huyo amesimama kwenye mstari wangu."

"Ni mwanafunzi wako."

"Wamepita watu zaidi ya elfu nne, Rae."

"Endelea kuangalia."

Kanda ikaenda. Gilbert anainua macho, na kwa mara ya kwanza anamtazama yule mtu vizuri, karibu, juu ya kitambaa. Uso wake unabadilika. Siyo woga. Ni uso wa mtu anayekutana na jamaa mahali asipomtarajia. Anafungua mdomo kusema kitu.

Risasi mbili.

Orrin alitoa sauti ndogo. Raelynn hakufumba macho safari hii. Alimtazama mume wake akianguka kati ya magunia, na akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni, juu ya ile aproni, akakiacha pale.

Yule mtu alishusha bastola kidogo. Akatazama kushoto. Akatazama kulia, juu ya bega, kama wanavyofundishwa wote wasije wakamkodolea macho aliyeanguka wakasahau adui mwingine. Akairudisha bastola kiunoni. Hilo nalo lilikuwa la shule, la watu elfu nne.

Kisha akainama. Akaokota ganda moja. Akatafuta la pili, akalipata karibu na mguu wa Gilbert. Akafungua koti, akayatia yote mawili kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Ndipo akakumbuka droo ya fedha.

Kanda ikaisha. Kioo kikabaki na chenga.

"Mpelelezi alisema ni mhalifu mzoefu," Raelynn alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Alisema anaficha ushahidi."

"Labda."

"Labda ni hivyo, baba."

"Labda."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkono wa Raelynn ulikuwa umepanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, pale alipotia lile ganda la chini ya dawati.

Unaniuliza kuna nini? Wanafunzi hawaokoti maganda. Yanafagiliwa jioni kwa ufagio mpana, na mwanafunzi akiinama kwenye mstari anafokewa asije akapigwa risasi ya kichwa. Kati ya watu elfu nne hakuna aliyewahi kuambiwa aokote. Walioambiwa ni watoto wawili tu duniani, kila jioni ya Mungu, kabla ya chakula. Mmoja alikuwa amesimama pale, mkono kifuani.

"Alitoka Nevada," alisema Raelynn. "Aliniambia alitoka Nevada baada ya kupata simu."

"Nani alimpigia?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Mlango ukagongwa. Wote wawili waliruka.

"Mmejifungia nini humo?" Sauti ya nje ilikuwa changamfu. "Baba, watu wako wanaiva juani. Yule daktari wa meno ameshasimulia alivyoua dubu mara mbili, na dubu anazidi kukua."

Ukutani juu ya mlango, Orrin alichora mwenyewe rangi nne za kuwa macho: nyeupe kwa mtu aliyelala amesimama, halafu njano, chungwa, mpaka nyekundu ya mtu aliye tayari kupigana. Kwa mwanawe wa kiume, maisha yote, mzee alikuwa kwenye nyeupe. Aliitazama ile rangi kisha akamtazama binti yake.

"Fungua," alisema Raelynn.

"Rae."

"Fungua, baba."

Komeo likavutwa. Lyle Haskett aliingia na mwanga mwingi wa nje nyuma yake, mrefu, amenyoa vizuri, vikombe viwili vya kahawa mkono mmoja na bastola kiunoni kama kila mtu aliyekuwa uwanjani siku ile. Alimwona dada yake ana macho mekundu, na uso wake ukalegea kwa huruma. Naapa huruma ile ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

"Umelia tena, dada? Njoo kwanza unywe kahawa. Nimeweka sukari nyingi, vile unavyopenda na kukataa kuwa unapenda."

Aliweka vikombe mezani, karibu na bastola ya bluu.

Raelynn alisimama mbele ya televisheni, ameiziba kwa mwili. Akatia vidole kwenye mfuko wa shati. Akalitoa lile ganda. Akaliachia.

Liligonga saruji, likalia kidogo, likaviringika mpaka kwenye kiatu cha kaka yake.

"Nimemwambia yule daktari wa meno," Lyle alikuwa anaendelea, "dubu wa hapa hawana urefu huo," na huku anasema akainama, akaliokota, akalitia kwenye mfuko wa shati. Upande wa kushoto. Hakulitazama hata kidogo.

Alipoinuka ndipo alipoona hakuna anayecheka. Akamtazama baba. Akamtazama dada. Akaona chenga za televisheni pembeni ya bega la dada, na mdomo wa mashine uliotapika kanda nusu. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye mfuko wa shati, ukagusa, ukabaki pale.

"Rae," alisema. "Hakutakiwa kunitambua."

Orrin Haskett alishika ukingo wa meza. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa na jibu la kila hali, na sasa alibaki kuwatazama watoto wake wawili wakitazamana.

Raelynn ndiye aliyesogea. Hatua moja, ya pili. Machozi yalikuwa bado yanashuka na hakuyafuta. Akanyosha mkono, kiganja kimefunguka, kinatazama juu, na kwa sauti ya baba yao, ile ya uwanjani, ile waliyoisikia tangu hawajaota meno ya ukubwani, akasema:

"Nne, Lyle."

Mkono wa Lyle ukaenda kiunoni. Bastola ikatoka. Watu wa nje walikuwa wanacheka kitu, yule daktari na dubu wake. Raelynn hakurudi nyuma. Lyle alikuwa anatetemeka mwili mzima, isipokuwa kidole chake, ambacho bado kilikuwa kimenyooka pembeni ya chuma, mbali na kifyatulio, kama walivyofundishwa wote wawili.